Nguvu ya Mnunuzi Mbele ya Wazabuni wa Kigeni: Mfano wa Reli ya Kisasa katika Kipande cha Makutupora hadi Tabora

1.0 Utangulizi

Goweko ni kituo cha Reli ya Kati kilichopo mashariki ya Tabora, katika Wilaya ya Uyui, baada ya Malongwe na kabla ya Igalula kwa msafiri atokaye pwani. Reli ya kwanza iliyopita hapo ilijengwa na kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann na kufika Tabora mwaka 1912. Reli ya Kisasa (SGR), ambayo kipande chake cha tatu kinafuata kwa jumla ukanda huohuo, imekabidhiwa kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi. Katika nyakati zote mbili mjenzi ametoka ng'ambo. Tofauti ni kwamba safari hii mnunuzi ni dola huru, yenye sheria ya ununuzi, chombo cha ukaguzi na haki ya kukataa.

Makala haya yanafafanua namna haki hiyo ya kukataa inavyoongezeka au kupungua kadiri mradi unavyosonga mbele. Hoja yake ni kuwa mnunuzi anapochagua kati ya wazabuni wa kigeni, nguvu yake haitokani na ukubwa wa fedha alizonazo. Hutokana na kuwapo kwa mzabuni wa pili aliye tayari kuchukua kazi. Mzabuni huyo akitoweka, bei hupangwa na aliyebaki.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Mwanauchumi Oliver Williamson, mmoja wa waasisi wa nadharia ya gharama za miamala, alieleza hali aliyoiita mgeuko wa kimsingi. Kabla ya mkataba kutiwa saini, wauzaji ni wengi na mnunuzi ana uhuru wa kuchagua. Baada ya saini, muuzaji mmoja huwa na mitambo, wahandisi na taarifa za eneo ambazo washindani wake hawana. Soko lililokuwa na wengi hugeuka kuwa uhusiano wa watu wawili wanaohitajiana, na kila upande waweza kumbana mwenzake.

Historia ya njia ya misafara inatoa mfano wa karibu. Mfanyabiashara wa karne ya 19 aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe alikuwa na nafasi ya kujadiliana na wapagazi pwani. Alipofika Ugogo, katikati ya nchi kavu, alidaiwa hongo na watawala waliomiliki visima, naye hakuwa na njia nyepesi ya kurudi wala mahali pengine pa kupata maji. Mali yake ilikuwa ileile, ila uwezo wake wa kusema "sitaki" ulikuwa umebaki nyuma.

Mataifa tajiri pia hayajaepuka mgeuko huo. Mwezi Aprili 2016, Australia iliichagua kampuni ya Kifaransa ya DCNS, ambayo baadaye iliitwa Naval Group, kujenga nyambizi 12, ikiwaacha washindani wa Ujerumani na Japani. Septemba 2021 iliuvunja mpango huo, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa fidia ya yuro milioni 555. Kuingia kulikuwa na ushindani. Kutoka kulikuwa na bei.

3.0 Vipande Sita na Gharama Zake

Shirika la Reli Tanzania (TRC) liligawa njia ya Dar es Salaam hadi Mwanza katika vipande vitano, na tawi la Tabora hadi Kigoma likawa kipande cha sita. Kwa takwimu zilizokaribishwa, na kwa urefu unaojumuisha njia za kupishania treni, mikataba ilikuwa kama ifuatavyo:

Kipande cha 1, Dar es Salaam–Morogoro (2017): kilomita 300, dola za Marekani bilioni 1.2.
Kipande cha 2, Morogoro–Makutupora (2017): kilomita 422, dola bilioni 1.9.
Kipande cha 3, Makutupora–Tabora (2021): kilomita 368, dola bilioni 1.9.
Kipande cha 4, Tabora–Isaka (2022): kilomita 165, dola bilioni 0.9.
Kipande cha 5, Isaka–Mwanza (2021): kilomita 341, dola bilioni 1.3.
Kipande cha 6, Tabora–Kigoma (2022): kilomita 506, dola bilioni 2.2.

Kipande cha kwanza kilitolewa kwa Yapı Merkezi ikishirikiana na Mota-Engil ya Ureno, baada ya zabuni ya ushindani. Cha pili, cha tatu na cha nne vilikwenda kwa Yapı Merkezi, na cha tano na cha sita kwa kampuni za Kichina za CCECC na CRCC.

Tukigawanya gharama kwa urefu, kilomita moja ya kipande cha kwanza iligharimu takriban dola milioni 4.0, cha pili milioni 4.5, cha tatu milioni 5.2, cha nne milioni 5.5, cha tano milioni 3.8 na cha sita milioni 4.3. Vipande viwili vya bei ya juu zaidi ndivyo vinavyokutana Tabora. Katika ripoti ya mwaka wa fedha 2021/22, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alihoji matumizi ya chanzo kimoja katika kuwapata wakandarasi wa vipande hivyo viwili.

Mgawanyo huu una mipaka yake. Bei za chuma na saruji za mwaka 2021 si za mwaka 2017, na kipande cha tatu kinapaswa kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Lakini kipande cha pili kilihitaji mahandaki katika milima ya Kilosa, na bado kilomita yake ni nafuu kuliko ya uwanda wa Unyamwezi. Kipande cha tano, kilichotiwa saini Januari 2021 katika mwaka uleule wa kipande cha tatu, kina bei ya chini kuliko vyote. Hivyo basi, ardhi na wakati havitoshi peke yake kueleza tofauti hiyo. Hata kama sehemu yake ni halali, kukosekana kwa zabuni shindani kunamnyima mkaguzi kipimo cha kuithibitisha. Hasara hii ya pili haionekani katika hesabu, nayo huenda ndiyo kubwa zaidi.

4.0 Vichwa na Mabehewa: Picha Tofauti

Ununuzi wa treni zenyewe ulikwenda kwa sura nyingine. Mwaka 2021 TRC iliingia mkataba na Hyundai Rotem ya Korea Kusini kwa vichwa 17 vya umeme na mabehewa 80 ya treni za mchongoko. Mabehewa 1,430 ya mizigo yaliagizwa kwa CRRC ya China mwaka 2022. Yaani juu ya reli iliyojengwa na Waturuki zitapita treni za Wakorea na Wachina.

Mchanganyiko huu uliwezekana kwa sababu reli ilijengwa kwa viwango vinavyotumika na wengi: upana wa milimita 1,435 badala ya 1,000 wa reli ya zamani, na umeme wa volti 25,000. Kiwango cha wazi humruhusu mnunuzi kuhama kutoka muuzaji mmoja hadi mwingine bila kubomoa alichokwisha kujenga. Kwa hiyo, uamuzi uliofanywa na wahandisi mwanzoni uliendelea kumlinda mnunuzi miaka kadhaa baadaye. Ulinzi huo utahitajika tena wakati wa kununua vipuri.

5.0 Hitimisho

Ufafanuzi huu unatoa mambo matatu. Kwanza, uamuzi wa kumchagua mkandarasi wa kipande cha kwanza ni uamuzi juu ya vipande vyote vinavyofuata, isipokuwa masharti ya kushindanisha upya yawekwe tangu awali. Pili, chanzo kimoja, ambacho sheria inakiruhusu katika mazingira maalumu, kinahitaji makadirio huru ya gharama yaliyokamilika kabla ya mazungumzo kuanza. Tatu, viwango vya wazi vya kiufundi ni sehemu ya mkakati wa ununuzi, na visichukuliwe kuwa suala la wahandisi pekee.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2011, imeyakuta maamuzi haya yamekwisha fanyika. Mkopo wa kipande kinachopita Goweko utalipwa na kizazi ambacho hakikuwapo mezani wakati wa saini. Kizazi hicho kina haki ya kuuliza bei ya mzabuni wa pili ilikuwa kiasi gani, na kumbukumbu za ununuzi zinapaswa kuwa na jibu.