Kagua tamko la forodha kabla halijawasilishwa
Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazosoma ankara ya muuzaji, hata iliyoandikwa kwa Kichina, na kumjazia wakala tamko la forodha kwa dakika chache. Penye utata ni msimbo wa bidhaa, ambao Afrika Mashariki una tarakimu 8. Ankara ikisema "nguo" tu, programu yaweza kuandika mitumba, ambayo huanza na 6309, kama nguo mpya za sura ya 61 au 62, na hesabu ya ushuru ikabadilika. Kisheria, mwenye mzigo huwajibika kwa tamko la wakala wake. Kwa hivyo mwagizaji aombe nakala, alinganishe msimbo, uzani na bei na ankara kabla tamko halijafika KRA. Kosa likigunduliwa baadaye, kontena husubiri bandarini huku ada za kuhifadhi zikipanda.