Gari Linalojitengenezea Stima

Gari la haibridi likisimama hapa mtaani Dallas, hakosi mtu wa kuuliza, "Hili nalo huchajiwa wapi?" Jameni, mengi yao hayachomekwi popote! La umeme mtupu ndilo lazima lichajiwe.

Toyota ilionyesha Prius ya mfano katika maonyesho ya magari ya Tokyo mwaka 1995, ikaanza kuiuza Japani Desemba 1997. Ndani mna injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa. Likiondoka polepole, mota ndiyo inayosukuma, ndiyo maana hulisikii likija.

Sasa fikirieni barabara ya Embu kwenda Meru, ile ya kuteremka mtoni na kupanda, tena na tena. Gari la kawaida likishuka Thuci, nguvu ya mwendo hugeuka joto la breki, ikapotea hewani. Katika haibridi, dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu huizungusha mota, nayo huzalisha stima ikaingia betrini. Ni kama maji ya Tana yanavyozungusha mitambo ya Kindaruma na Gitaru. Stima hiyo husaidia kupanda upande wa pili, ingawa haitoshi. Petroli bado utanunua.

Nanyi mnaotaka ufundi, zile nyaya za rangi ya chungwa msiziguse. Volti zake zaweza kupita 200, zinaua. Kuzima gari tu hakutoshi: fundi aliyesomea hutenga betri kwanza, akiwa na glavu maalumu, kisha hungoja dakika kadhaa kabla ya kushika chochote.