Kuwakinga Vifaranga wa Bata na Baridi na Unyevu

Bata ni ndege wa maji. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi wa huku Bondeni huamini kwamba hahitaji kukingwa na maji. Kwa bata mzima imani hiyo ni sahihi, bali kwa kifaranga wa siku chache imani hiyo huua. Si jambo geni kwa mama mwanachama kufurahia vifaranga kumi na wawili walioanguliwa wakati wa masika, na mwezi usijatimia akabaki na watatu. Lawama hupewa mwewe, hali mara nyingi baridi na unyevu vilikwisha kuanza kazi hiyo.

KWA NINI HUFA

Kifaranga huanguliwa akiwa na manyoya machanga, laini kama pamba. Mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto. Bata mzima hujipaka mafuta yatokayo katika tezi iliyo juu ya mkia, na manyoya yake kamili huzuia maji yasifike mwilini. Kifaranga hupata kinga ya namna hiyo kidogo kidogo, huku akikaushwa na kupashwa joto chini ya mbawa za mama yake. Asiye na mama, au aliyeanguliwa na kuku, hulowa upesi. Akilowa hutetemeka, huacha kula, na huweza kufa usiku huohuo.

Wilaya ya Kyela hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, na mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe ikifurika, hata ua wa nyumba huwa tope. Hivyo, yafaa mfugaji apange siku za kuatamisha. Bata wetu wa kienyeji, yule mwenye nyama nyekundu usoni, huatamia kwa muda wa siku 35 hivi. Akianza kuatamia mwanzoni mwa Mei, vifaranga watatoka Juni, mvua kubwa zikiwa zimepungua. Usiku wa Juni na Julai una baridi yake, lakini baridi kavu ni rahisi kuikinga kuliko tope.

BANDA

Banda lijengwe mahali palipoinuka. Mianzi tunayo: sakafu iinuliwe juu ya nguzo, na fito zake zibanwe ili mguu wa kifaranga usipenye. Upande unaopigwa na upepo wa ziwani ukandikwe udongo, na nafasi ya kupitisha hewa iachwe juu, karibu na paa. Mlango ufungwe imara kila jioni, kwani panya, nguchiro, kicheche, nyoka na kenge wote hupenda kifaranga.

Matandiko mazuri ni makapi ya mpunga, ambayo hupatikana kwa wingi kwenye mashine za kukoboa. Yatandazwe kwa unene wa sentimita 5 hadi 8. Kwa siku tatu za mwanzo yafunikwe kwa gunia safi, ili vifaranga wasiyale wakidhani ni chakula. Karatasi laini na plastiki hazifai, maana huteleza na miguu hupanuka ikaharibika. Sehemu iliyolowa iondolewe kila siku. Makapi yenye kuvu yatupwe, kwani huharibu mapafu. Na chakula chenye kuvu kina sumu ambayo vifaranga wa bata hawaivumilii hata kidogo.

Mita moja ya mraba yatosha vifaranga kumi katika wiki mbili za mwanzo. Kufikia wiki ya saba wasizidi wanne.

JOTO

Iwapo mama yupo, afungiwe pamoja na vifaranga wake katika banda kavu kwa wiki mbili. Yeye ndiye chombo bora cha joto.

Iwapo hayupo, siku za mwanzo joto liwe kama nyuzi 32 za sentigredi, kisha lipunguzwe nyuzi 3 hivi kila wiki. Asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana na kulia, wanaona baridi. Wasipoangaliwa watakandamizana hadi kufa. Wakikimbilia ukutani wakihema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kulala kwa utulivu, joto linatosha.

Penye umeme, balbu ya kizamani yenye waya ndani hutoa joto, lakini balbu za kisasa zinazotumia umeme kidogo hutoa mwanga tu. Pasipo na umeme, chemli iliyozungushiwa wavu itafaa, au chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kitambaa na kubadilishwa usiku. Jiko la mkaa lisiachwe katika chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu huua vifaranga, na humwua pia mtu aliyelala humo.

MAJI

Vifaranga wapewe maji ya kunywa wakati wote. Chombo kiwe na kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, ili waweze kuusafisha, lakini wasiweze kuingia. Sahani yenye kokoto katikati yatosha.

Walio na mama watoke kwanza asubuhi umande ukishakauka, na warudi kabla ya mvua. Wasio na mama wasiachwe waogelee mpaka manyoya kamili yaanze kufunika mwili. Kuanzia wiki ya nne wazoezwe nje mchana, penye kivuli cha migomba kwa ajili ya jua kali. Usiku waendelee kulala bandani.

WAJIBU WA CHAMA

Chama cha msingi chaweza kupatana na wenye mashine ili makapi makavu yahifadhiwe kabla ya masika, kuliko kila mwanachama kuyatafuta yakiwa yamekwisha kunyeshewa. Aidha, kila mfugaji aandike idadi ya walioanguliwa na idadi ya walio hai siku ya 30. Tukizoea kuzisoma tarakimu hizo pamoja mikutanoni, tutajua ni banda la nani la kuigwa. Utajiri wa mfugaji wa bata hauhesabiwi siku ya kuangua. Huhesabiwa mwezi ukishapita.