Ndugu wa mtaimbo: Kwa nini wanyanyua uzani hawachukiani

MGENI anayehudhuria mashindano ya kunyanyua uzani kwa mara ya kwanza aghalabu hushangazwa na jambo moja. Mshindani aliyekwisha kutimiza zamu yake haendi kujitenga pembeni akimwombea mpinzani wake mabaya. Husimama kando ya jukwaa na kumpigia kelele za kumtia moyo yule yule anayetaka kumpiku.

Sisi wakazi wa miji inayouzunguka Mlima Kenya tumezoea michezo ya namna nyingine. Catherine Ndereba, aliyekulia Gatung'ang'a katika Kaunti ya Nyeri, alishinda mbio za marathon za Boston mara nne kati ya 2000 na 2005, na alifanya hivyo kwa kuongeza kasi hadi wenzake wakasalimu amri. Katika mbio, kumvunja moyo mwenzako ni sehemu ya mbinu. Katika kunyanyua uzani, hakuna unachoweza kumfanyia mpinzani wako kitakachoufanya mtaimbo wake uwe mzito zaidi.

Hapa tunazungumzia pawaliftingi, ambayo si sawa na unyanyuaji wa Olimpiki ambapo chuma huinuliwa hadi juu ya kichwa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa 1972, na mashindano yake kamili huwa na mitihani mitatu: kuchuchumaa na mtaimbo mabegani kisha kusimama, kuusukuma mtaimbo kutoka kifuani ukiwa umelala kwenye benchi, na kuuinua kutoka sakafuni hadi usimame wima. Kila mmoja hupewa majaribio matatu katika kila mtihani. Uzani wa juu zaidi aliofaulu katika kila mtihani hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo humweka kwenye nafasi yake. Marefa ni watatu, na jaribio huhesabiwa iwapo angalau wawili kati yao wamewasha taa nyeupe.

Mtaimbo ni mmoja kwa kundi zima. Anayeanza ni yule aliyeomba uzani mdogo zaidi, na katika kila raundi uzani huongezwa tu, wala haupunguzwi isipokuwa pametokea kosa. Kwa hivyo wapinzani hukaa pamoja saa nyingi wakisubiri chuma kile kile. Mmoja akipungukiwa na chaki, jirani humgawia. Katika mashindano madogo ya ridhaa, wale waliomaliza zamu yao mara nyingi ndio wanaogeuka kuwa wapachikaji wa sahani za chuma kwa kundi linalofuata. Wazee wetu wangeitambua desturi hiyo mara moja na kuiita ngwatio, leo shambani kwako, kesho kwangu.

Hata hivyo, chimbuko la udugu huu, kwa maoni yangu, ni hofu. Anayelala kwenye benchi na kilo 100 juu ya kifua chake hana pa kukimbilia mikono ikichoka. Vifo vya watu waliobanwa na mtaimbo wakifanya mazoezi peke yao vimeripotiwa katika nchi mbalimbali. Katika kumbi nyingi za mitaani, ambako sahani ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji na benchi limeundwa na fundi wa jua kali, hakuna vyuma vya pembeni vya kuudaka mtaimbo unaoanguka. Kilichopo ni mtu aliyesimama nyuma ya kichwa chako, naye pengine humjui zaidi ya kwamba ni mwendeshaji bodaboda au mwalimu wa shule ya msingi.

Kazi ya mtu huyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika mashindano, wasaidizi huwa wawili hadi watano, na mmoja wao akiugusa mtaimbo kabla ya wakati, jaribio hubatilishwa hata kama kidole kilipita tu. Akichelewa nukta moja, mwenzake anaumia. Hukaa mikono wazi, karibu kabisa na chuma, bila kugusa. Nimewaona vijana machachari, wasioweza kutulia dakika tano kwenye mkutano wa kanisa, wakisimama hivyo kwa utulivu wa mpasuaji.

Unyenyekevu nao una sababu zake za kikanuni. Sahani rasmi za mashindano haziruhusiwi kutofautiana na uzani ulioandikwa kwa zaidi ya gramu 10 au robo ya asilimia. Mkebe wa saruji hauna kipimo hicho. Bingwa wa mtaa anayejigamba kwa kilo 140 huenda akagundua mbele ya umati kwamba alikuwa akinyanyua pungufu. Aidha, katika kuchuchumaa, nyonga lazima zishuke chini ya usawa wa juu wa goti. Wengi waliozoea kuinama nusu tu mbele ya kioo hupata taa nyekundu tatu kwa mpigo.

Lakini kanuni inayowaadhibu wenye majivuno kuliko zote ni ya uzani wa kwanza. Ukishautaja na kuukosa, huwezi kurudi chini. Unaweza kurudia uzani huo huo au kuongeza, basi. Ukikosa mara tatu katika mtihani mmoja, huna jumla, na safari yako imekwisha hata kama ulikuwa ukiongoza. Mabingwa wa dunia wamewahi kupatwa na hayo. Ndiyo maana mnyanyuaji mzoefu huanza na uzani anaouweza hata akiwa na mafua, na hamcheki anayeshuka jukwaani mikono mitupu.

Tawi la mchezo huu kwa watu wenye ulemavu lina mtihani mmoja tu, ule wa benchi, na miguu hunyooshwa juu ya benchi lenyewe. Wanawake waliruhusiwa kushiriki katika Michezo ya Walemavu kuanzia Sydney 2000. Mkenya Hellen Wawira Kariuki alitwaa shaba katika kitengo cha uzani mwepesi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Birmingham, Agosti 2022. Nafasi ziliamuliwa kwa pointi zinazozingatia pia uzani wa mwili, ili mwembamba asionewe na mnene.

Viongozi wetu wangepaswa kulitafakari hilo. Uwanja wa Wang'uru, Kirinyaga, ulikarabatiwa kwa ajili ya Mashujaa Dei 2021, na ule wa Embu kwa Madaraka Dei 2023. Ni jambo jema. Seti moja ya sahani zilizopimwa barabara ingegharimu sehemu ndogo mno ya fedha kama hizo, na ingewafaa hata wasioweza kukimbia.

Kuna linalotugusa zaidi. Februari 2024, pombe haramu iliua watu zaidi ya 10 katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Sidai kwamba chuma ni dawa ya pombe, kwani hata miongoni mwa wanyanyuaji kuna wanaokunywa, na wengine huingia mtego wa dawa za kututumua misuli, ambazo Shirika la Kukabili Pufya Nchini (ADAK) limekuwa likipambana nazo tangu 2016. Ila kijana mwenye mwenzake wa mazoezi anasubiriwa mahali fulani saa kumi na mbili jioni. Asipofika, mwenzake hawezi kulala kwenye benchi, na atampigia simu kumuuliza yuko wapi.

Anayetaka kuanza asikimbilie sahani. Mtaimbo mtupu wa mashindano una kilo 20, na kwa wiki za kwanza huo unatosha. Wabebaji mizigo wa soko la Karatina, wanaobeba mabegani magunia ya viazi ya kilo 50 tangu alfajiri, huenda wakaona hilo ni mzaha. Nao pia waanze na mtaimbo mtupu, na kabla ya kulala kwenye benchi wamwombe mtu asimame nyuma yao.