Kambi ya Utafiti Porini: Kutoka Banagi hadi Robanda

Kambi ya utafiti ni makazi ya muda yanayowekwa karibu na kitu kinachochunguzwa, hata kama mahali hapo hapana maji, duka wala barabara. Kambi zinazosifika zaidi duniani ni zile za barafuni, Antaktika. Kwa Afrika Mashariki, shule kongwe ya maisha hayo ni hifadhi ya Serengeti, Tanzania. Mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliokuja kuhesabu wanyama kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1950, walipiga kambi Banagi, kaskazini mwa Seronera. Michael alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1959, na maabara ya kumkumbuka ikajengwa hapo hapo Banagi. Mwaka 1966 shughuli zilihamia Seronera ilipoanzishwa Taasisi ya Utafiti ya Serengeti. Leo utafiti wa wanyamapori nchini husimamiwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), iliyoundwa mwaka 1980.

Hema ni la mwisho, vibali kwanza. Mtafiti huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), idhini ya TAWIRI na, akiingia hifadhini, ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Nje ya lango la Ikoma mambo hubadilika: kijiji cha Robanda na vijiji jirani vimetenga sehemu ya ardhi yao kuwa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Huko mgeni hubisha hodi ofisi ya kijiji, husaini kitabu cha wageni na kueleza alichokuja kufanya. Anayeruka hatua hii hujikuta akijibu maswali siku nzima.

Kisha hutafutwa mahali. Kivuli cha migunga kando ya mto huvutia macho, lakini kingo za mito ndizo njia za viboko na tembo, na penye vichaka ndipo penye mbung'o wengi. Panapofaa ni mwinuko mdogo, mbali na mapito ya wanyama, wenye changarawe. Changarawe ina maana yake: udongo mweusi wa mbuga, ukinyeshewa na masika, humeza gurudumu la Land Cruiser mpaka ekseli. Ndiyo maana gari la utafiti halitoki bila koleo, jeki, kamba ya kuvutia na mbao mbili za kuweka chini ya jeki isizame. Dereva mzoefu hushuka kwanza, akaupima udongo kwa kisigino.

Maji ndiyo mzigo mkubwa. Barafuni maji yamezagaa kila upande, ila hayanyweki mpaka yachomewe mafuta yayeyuke. Serengeti maji hubebwa na gari linalokunywa dizeli. Kote kuwili, basi, lita ya maji huhesabiwa kwa mafuta. Ya kunywa huchemshwa au kuchujwa, na yaliyooshea vyombo hayabaki nje usiku, kwa kuwa tembo huyanusa toka mbali.

Tofauti kubwa ni majirani. Ndani ya bara la Antaktika hakuna mnyama wa kuvamia hema. Serengeti, fisi hutafuna kiatu, kiti cha turubai, hata tairi. Nyani hufungua ndoo. Mchwa hula sanduku la mbao lililolazwa chini, hivyo masanduku huwekwa juu ya mawe. Simba kwa kawaida halipasui hema lililofungwa zipu, na sheria ya kambi ni moja: usiku hatoki mtu bila kumulika kwanza.

Kazi yenyewe huwa ya kuchosha kuliko picha zake. Mradi wa simba, ulioanzishwa na mtafiti George Schaller mwaka 1966, uliwafuata simba kwa kola za redio: antena juu ya gari, sikio kwenye mlio. Mwaka 2010 mradi huo ulianza kutega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, zikiwa ndani ya makasha ya chuma kwa sababu ya meno ya fisi na mikonga ya tembo. Hata hivyo picha nyingi zilionyesha nyasi tu, zilizotikiswa na upepo juani na kuidanganya kamera kuwa kuna mnyama.

Wapo pia watafiti wasiokaa porini kabisa. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaotokana na mbwa uliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Tangu hapo timu za kuwachanja mbwa hupiga kambi vijijini, na mbwa hufika wakivutwa kwa kamba na watoto.

Siku ya kuondoka, shimo la choo hufukiwa, majivu huzikwa, na makopo na betri hurudi na gari mjini. Kadi za kumbukumbu za kamera hazipakiwi pamoja na mizigo mingine. Hubebwa na mtu, mfukoni.