Sura na Picha: Mafunzo kutoka Kazi za Atong Atem

Wanafunzi wa Kiswahili kutoka Juba hukutana mapema na neno linalowatatiza: sura. Katika Kiarabu cha Juba, sura ni picha. Katika Kiswahili, sura ni uso au umbo. Asili ni moja, neno la Kiarabu lenye maana zote hizo, ila sisi tulibaki na uso, na picha tukaikopa kutoka Kiingereza.

Kazi za Atong Atem, msanii wa upigaji picha, zinaweza kumsaidia mwalimu kulieleza neno hili. Asili yake ni Bor, mji ulio kando ya Nile, kaskazini mwa Juba. Alizaliwa Ethiopia wakati wa vita vya Sudan vya mwaka 1983 hadi 2005, na familia yake ikahamia Australia mwaka 1997.

Mwaka 2015 alitoa mfululizo uitwao Studio Series. Aliwapiga picha rafiki zake mbele ya vitambaa vya maua, akifuata mfano wa Malick Sidibé na Seydou Keïta wa Mali. Mwaka 2022 alichapisha kitabu, Surat, yaani picha kwa Kiarabu cha Sudan, ambamo yeye mwenyewe anavaa na kukaa kama watu wa albamu za familia yake. Mwaka huohuo alishinda tuzo ya La Prairie, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na jumba la sanaa la New South Wales, Sydney.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Picha ya Kevin Carter iliyopigwa Ayod mwaka 1993 ilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 1994. Ulimwengu ulimwona mtoto mwenye njaa na tai nyuma yake. Jina la mtoto haukuambiwa. Hiyo ilikuwa picha isiyo na mwenyewe. Kwa Atem, anayepigwa picha ni mshiriki, naye ana neno juu ya namna atakavyoonekana.

Kwa hiyo tunapendekeza zoezi moja la darasani. Kila mwanafunzi alete picha ya jamaa zake, aieleze kwa kutumia virejeshi: aliyesimama, aliyevaa, waliokaa. Watu watajwe kwa majina na undugu wao: shangazi, mjomba, bibi. Aliyepoteza picha zake vitani aieleze ile anayoikumbuka. Sarufi ni ileile.