Bao la Vishimo Lisife Pamoja na Wazee

Wamama wenzetu wa Kasongo na Kabambare, ni nyumba ngapi leo zina ubao wa bao? Zamani jioni ilikuwa na sauti yake: kete zikianguka kwenye vishimo, ta, ta, ta, na wazee wakichekana chini ya mwembe. Asiyekuwa na ubao alichimba udongo na kuokota vijiwe. Sisi wasichana tulipita na ndoo kichwani, na tukikawia kutazama tuliulizwa kama maji nyumbani yamejaa. Hivyo wengi wetu tulijifunza kwa macho tu.

Siku hizi watoto wako kwenye telefone. Hatusemi kwamba michezo yote ya mule ni mibaya. Iko ile ya kupanga askari, ambayo kila mmoja anangoja zamu yake na kufikiri, na kaka zetu waliokulia mijini wanaikumbuka kwa hamu kama sisi tunavyolikumbuka bao. Lakini vijana wetu wanapenda ya haraka haraka, tena wengine wanaweka pesa kwenye kamari ya mpira. Pesa ya unga inaishia pale.

Kamari yenyewe si jambo jipya. Kule Kasai, wazee wa Bakuba wanasimulia kwamba mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, aliwaletea watu mchezo wa vishimo ili waache kamari. Sanamu yake ya mti iko London, katika British Museum. Kila sanamu ya mfalme wa Bakuba ina alama yake. Ya huyu ni ubao wa mchezo, uko mbele ya miguu yake. Waluba nao wana kisolo, na watu wa Zanzibar na pwani wana bao lenye nyumba, ambalo ni gumu kweli.

Kwa watoto tuanze na lile jepesi. Chimba mistari minne, kila mstari vishimo 8. Wachezaji ni wawili, kila mmoja ana mistari miwili ya upande wake. Tia kete mbili kila kishimo, zote zitakuwa 64. Vijiwe, mahindi, kokwa za mawese, vyote vinafaa. Mtoto anachota kishimo chenye kete mbili au zaidi na kupanda moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia kishimo cha mbele chenye kete, na cha mwenzake kinachokikabili kina kitu, anakula zile na kuzipanda kwake. Ikiangukia kishimo kitupu, amelala, zamu ni ya mwenzake. Aliyebaki bila kitu mstari wa mbele, ameshindwa.

Sisi walimu tunaupenda mchezo huu kwa sababu hauna bahati ndani yake. Kete zote ziko wazi, hakuna kilichofichwa. Mtoto anayeogopa hesabu ubaoni, hapa anahesabu mwenyewe: nikichota hizi sita zitafika wapi, naye atanijibu na nini? Yule asiyeweza kutulia analazimika kungoja. Na akishindwa hana wa kumlaumu. (Atanuna, ndiyo. Mwacheni anune, atarudi.)

Hauombi moto wa umeme wala mega. Jambo hili ni kubwa kwa familia zilizokimbia. Tangu vita vya 1998, na tena katika matatizo ya Salamabila, watu walitoka nyumbani na godoro na sufuria; nani angebeba ubao? Wazee wengi walikufa mbali na vijiji vyao. Mtoto aliyefikia kwa watu bila kitu chochote anaweza kuchimba vishimo nyuma ya nyumba, na jirani atakuja kucheza naye.

Wako wanaosema msichana akicheza bao kazi inalala. Tunawaheshimu, lakini mvulana naye anacheza na hakuna anayemuuliza habari ya maji. Tugawe kazi, kisha wote wacheze. Kusema kweli, wasichana wanaoanza wanakula wavulana vizuri sana.

Anayemjua mzee wa Kabambare ambaye bado anacheza lile bao gumu lenye nyumba, aje aseme kwenye mkutano wetu. Tunataka watoto wakae naye akiwa bado na nguvu ya kufundisha.